Motokaa Kuukuu ya Dizeli na Safari za Kulala Hemani

Mtu apitaye Bonga kwa barabara itokayo Babati kwenda Kondoa aweza kuona, huko na huko, motokaa zilizosimama siku nyingi chini ya miti. Matairi yamelegea, bati zimeingia kutu, na kuku wamefanya maskani chini ya bodi. Wengi husema ya kuwa hizo zimekwisha kufa, hazina faida tena ila kuuzwa kwa chuma chakavu. Maneno hayo pengine ni kweli, pengine si kweli. Pikapu ya dizeli iliyotengenezwa miaka thelathini iliyopita, ikiwa chasisi yake ni nzima na injini yake haikupasuka, yaweza kutengenezwa ikawachukua watu wa nyumba moja, pamoja na hema na sufuria zao, mpaka Hanang au Kolo, na kuwarudisha salama. Tutaeleza hapa jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na sababu ya kila jambo, maana mwenye kujua sababu hadanganywi upesi na muuzaji wala na fundi.

Kwenda kulala nje kwa kupenda, hali nyumba ipo, ni jambo ambalo wazee wengine hulicheka. Wao walipokuwa vijana walilala porini kwa ajili ya ng'ombe, wala hawakuona raha katika umande. Lakini watoto wengi wa Bonga hawajapata kuiona michoro ya mawe ya Kolo, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, wala hawajafika chini ya Mlima Hanang, upatao kimo cha mita 3,400. Na wageni hutoka Ulaya kuja kuvitazama. Nauli ya watu watano na gharama za nyumba ya wageni ndizo zinazowazuia wengi. Jamaa iliyo na gari na hema yake hulipa mafuta na kiingilio tu.

Injini ya namna hii imepewa jina la mtu aliyeibuni, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliona ya kuwa injini za mvuke za siku zake zilikula makaa mengi na kufanya kazi kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto ilipotea bure. Akafikiri na kujaribu miaka mingi, hata mwaka 1897 injini yake ikafanya kazi vema katika mji wa Augsburg. Mwenyewe hakuishi kuziona motokaa za dizeli zikienea duniani, maana mwaka 1913 alipotea usiku katika meli iliyokuwa ikivuka bahari kwenda Uingereza, na maiti yake ikaonekana majini baada ya siku kadhaa.

Katika injini ya petroli moto huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hushuka na kuvuta hewa tupu. Kisha hupanda na kuibana hewa ile mpaka ikakaa katika nafasi ndogo sana, yapata sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza. Kila mtoto aliyejaza upepo katika gurudumu la baiskeli ameona ya kuwa pampu hupata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda ya dizeli joto hilo huweza kuzidi digrii 500, na hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni ikipanda tena hufukuza moshi, na kazi huanza upya.

Basi injini ya dizeli yataka mambo matatu: hewa safi, mbano wa kutosha, na dizeli safi iliyonyunyizwa vema. Moja likikosekana, haiwaki, au huwaka kwa taabu na kutoa moshi mwingi. Asubuhi ya baridi, kama zile za mwezi wa Julai, chuma cha silinda hunyonya joto la hewa. Ndiyo maana injini nyingi za zamani zina plagi ndogo za kupasha moto. Dereva hufungua swichi, hungoja taa ya alama izimike, ndipo apige stata. Asiyengoja huimaliza betri yake na kuilaumu injini.

Katika nchi yetu pikapu za zamani zinazoonekana sana ni Toyota za aina mbili, Hilux na Land Cruiser. Hilux nyingi za miaka ya 1990 zina injini iitwayo 3L, yenye silinda 4 na ukubwa wa lita 2.8, Land Cruiser nyingi zina ile iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2. Injini hizi hazitegemei kompyuta; pampu ya dizeli huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na fundi mwenye spana zake huweza kuzifungua na kuzifunga hata chini ya mwembe. Kwa jamaa ya watu watano mimi ningechagua Hilux yenye milango minne, maana ni nyepesi, haili mafuta mengi, na watoto wapata viti ndani. Pikapu yenye kiti kimoja cha mbele hulazimisha watoto kukaa nyuma katika bodi, na gari likipinduka au likifunga breki ghafula, aliye bodini hana cha kumshika.

Mnunuzi afike kwa muuzaji asubuhi mapema, na kabla injini haijawashwa aiguse kwa mkono. Akiiona ina moto, ajue imekwisha kuwashwa kabla yake, labda kwa sababu haiwaki upesi ikiwa baridi. Kisha alale chini aitazame chasisi kutoka mbele mpaka nyuma, akiigongagonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya ubovu, pengine nyundo huingia ndani. Namba iliyopigwa katika chasisi na iliyoandikwa katika kadi ya gari sharti ziwe moja. Injini mbovu hutengenezwa, bodi mbovu huchomelewa, lakini chasisi iliyooza, au namba isiyolingana na kadi, ni sababu ya kurudi nyumbani na fedha zako mfukoni.

Injini ikiwaka, atazame moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi, nao ukaisha upesi, si kitu. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, waonyesha ya kuwa maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda, aghalabu kwa sababu ya gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka; mtu wa namna hiyo akifungua kifuniko cha oili huweza kuona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani pistoni na ringi zake zimelika. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huu wa mwisho usimtishe mtu mara moja, kwa kuwa pengine chujio la hewa limejaa vumbi tu, na dawa yake ni chujio jipya. Mara nyingine ni nozeli zinazomwaga dizeli kama mfereji badala ya kuinyunyiza, nazo hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima.

Sasa tuseme gari limenunuliwa, nalo limefika Bonga. Wengi huanza na rangi. Hiyo ndiyo kazi ya kufanywa mwisho kabisa, na fedha zikipungua, iachwe.

Kazi ya kwanza ni kumwaga mafuta yote ya zamani, ya injini, ya gia na ya difu, na kutia mapya. Pamoja na hayo hubadilishwa mkanda wa taimingi. Mkanda huu wa mpira wenye meno huzipatanisha pistoni na valvu, ili moja ipandapo nyingine iwe imeondoka njiani. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000, lakini katika gari kuukuu hakuna ajuaye kilometa za kweli, na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ukikatika barabarani, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa mzigo wa kukokotwa jioni. Ndiyo maana mwenye busara haulizi mkanda huu una umri gani, hununua mwingine.

Baada ya hayo, dizeli. Adui zake ni maji, vumbi, na mafuta ya taa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama chini ya tangi, nayo tangi la gari lililokaa miaka miwili haliwezi kukosa maji na tope la kutu. Sharti lishushwe, lioshwe, na chujio libadilishwe. Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili mwenyewe: atie dizeli iliyotoka chini ya tangi katika chupa nyeupe, aiache usiku kucha mahali pasipo moto, na asubuhi ataona maji yamekaa chini na dizeli juu, kama vitu viwili vilivyokatwa kwa kisu. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Hudhuru kwa njia nyingine, kwa kuwa dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya pampu, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, hata pampu hulika upesi. Zamani wachanganyaji walipata faida kubwa, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ikapandisha ushuru wake ili kuiondoa faida hiyo.

Chujio likiisha kubadilishwa, hewa huingia katika mabomba, na injini haiwaki. Hapo watu wengi hupiga stata mpaka betri ikalala. Dawa ni pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio: hubonyezwa mara nyingi mpaka ikawa ngumu, ndipo dizeli imejaa na hewa imetoka. Hata mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hii, na katika safari inafaa awepo mwingine aijuaye zaidi ya baba.

Habari ya maji ya rejeta yataka maelezo kidogo. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kwetu katika nchi ya juu, mita zaidi ya 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Mama zetu wajua ya kuwa maharagwe hukawia kuiva huku. Kwa hiyo rejeta isiyofungwa vema huchemka upesi zaidi mlimani kuliko Dar es Salaam. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima huyabana maji yasichemke hata yakipita digrii 100, nacho ni kitu cha fedha chache ambacho watu hukisahau. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, afunguaye kifuniko injini ikiwa na moto hulegeza kile kilichoyabana maji, nayo huruka usoni mwake. Ngoja mpaka uweze kuiweka mikono yako juu ya rejeta bila kuungua.

Sasa breki, na hapa msomaji asome pole pole. Injini ikiharibika, jamaa italala njiani. Breki zikiharibika, huenda isiamke. Kutoka Bonga kwenda Kolo kuna vilima vya Bereko. Na mwenye kwenda Mbulu kwa njia ya Dareda sharti aupande ukingo wa Bonde la Ufa, na siku ya kurudi aushuke. Gari lenye uzito wa tani mbili likishuka mteremko mrefu hutaka kuongeza mwendo wakati wote, na breki hulizuia kwa kugeuza mwendo ule kuwa joto. Ngoma za breki hupata moto, lainingi hupoteza mkwaruzo wake, na dereva hukanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi huwa na maji ndani yake. Katika joto lile maji huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubanwa upesi tofauti na mafuta, hata pedali ikashuka mpaka sakafuni bila kuzuia kitu. Dereva husema breki zilikatika ghafula. Hazikukatika. Zilikuwa zimeoza tangu nyumbani.

Kwa hiyo katika gari lililosimama muda mrefu, raba zote za silinda za magurudumu hubadilishwa, bila kuchagua. Mabomba ya mpira yaliyopasukapasuka hubadilishwa. Mafuta ya breki humwagwa yote, na mapya kubadilishwa tena kila baada ya miaka miwili. Kisha pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikwa kwa dakika nzima. Ikishuka pole pole wakati hakuna tone lililomwagika nje, masta silinda ndiyo mbovu. Breki ya mkono nayo ijaribiwe mlimani, pasipo watoto ndani. Na dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia mlima huo, ili injini imsaidie kuzuia.

Matairi yana umri ulioandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka kumi, hata likiwa na meno mazuri, lisiingie katika safari. Springi zilizolala huongezwa jani, shokapu na bushi zilizokwisha hubadilishwa, na beringi za magurudumu hupakwa grisi mpya.

Bodi ya nyuma si kazi ngumu. Fundi wa kuchomelea hupinda mabomba matatu au manne yawe mbavu, na juu yake hutandazwa turubai imara. Chini huwekwa sakafu ya mbao yenye masanduku ndani yake, sufuria na spana zikae huko, na magodoro juu. Watu wengine hutia betri ya pili, sahani ya umeme wa jua na mapambo mengine mengi. Taa moja na ndoo yatosha kwa mwanzo.

Yapasa kupiga hesabu ya mzigo. Watu watano, kila mmoja lita 5 za maji kwa siku, kwa kunywa, kupika na kunawa, kwa siku tatu, ni lita 75, nazo ni kilo 75: madumu manne ya lita 20, na lita 5 za ziada. Gari likila lita 12 kwa kilometa 100, safari ya kilometa 200 yataka lita 24, beba 40. Vitu vizito, yaani madumu, tairi la akiba na jeki, vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Vikiwekwa juu ya paa, gari huyumba katika kila kona kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akikimbia.

Liko jambo moja ambalo limeua jamaa nzima zilizolala zikiwa na afya. Usiku ukiwa wa baridi, mtu huingiza jiko la mkaa ndani ya hema, au ndani ya turubai la gari, na kufunga pande zote. Mkaa ukiwaka penye hewa kidogo hutoa hewa iitwayo kaboni-monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala haamki. Injini iwakayo na bomba la moshi lililotoboka chini ya bodi huweza kuleta hatari ya namna hiyo. Basi bomba la moshi lizibwe matundu yote, na jiko likae nje hata kama mvua inanyesha. Baridi hushindwa kwa mablanketi.

Na mahali pa kulala pachaguliwe mchana. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80, waliokuwa katika nyumba zao. Hema haliwezi kustahimili kilichoshinda nyumba. Kwa hiyo usilale katika korongo kavu wala chini ya mteremko mkali wakati wa mvua, hata kama mchanga wake ni laini na mahali panapendeza. Kandokando ya Ziwa Babati tazama njia za viboko, maana hutoka majini usiku kwenda kula majani, nao hawapendi kumkuta mtu kati yao na maji. Katika Hifadhi ya Tarangire, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, mtu halali apendapo bali mahali palipowekwa. Na huko mbung'o hupenda sana rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo nguo hizo zibaki nyumbani.

Safari ya kwanza isiwe ya mbali. Kutoka Bonga mpaka Ziwa Babati ni mwendo mfupi, na fundi yu karibu. Jamaa ilale usiku mmoja, na alfajiri, kabla ya chai, baba na watoto wainame watazame chini ya gari. Kipande cha boksi kilichotandikwa tangu jioni kitaonyesha kila tone. Tone jeusi chini ya injini ni oili. Aitazame kijiti cha kupimia, na likiwa moja tu lisimharibie siku. Maji ya kijani au mekundu upande wa mbele ni ya rejeta. Akaze mipira yake. Lakini unyevu wenye utelezi, usio mweusi, upande wa ndani wa gurudumu, ni wa breki. Na huo ukionekana, hema ifungwe, gari likokotwe taratibu mpaka gereji, na watoto na mama yao warudi Bonga kwa bajaji.